Ukanda wa Miguu ya Chiriku

Cherehani ilikaa sebuleni, kando ya dirisha. Karibu nayo palikuwa na kinanda kidogo juu ya meza. Mama alishona sare za shule kutwa nzima. Binti yake akirudi kutoka shuleni, alikaa kwenye kinanda.

Mtaani walimwita mtoto huyo Chiriku, maana mdomo wake haukupoa. Aliimba akifua soksi. Aliimba akimenya viazi.

Mama alitaka ajue muziki hasa, siyo kuimba ovyo. Yeye mwenyewe alifundishwa kwa noti, alama za muziki zilizoandikwa kwenye karatasi, akiwa ametulia kama sanamu. Njia nyingine hakuijua.

"Tazama karatasi, siyo dari. Hii ni noti gani?"

"Ile... ile ya juu."

"Ya juu haina jina?"

Chiriku alicheka. Miguu yake ikaanza kudunda chini ya stuli.

"Miguu itulie. Unapiga kinanda au unakanyaga udongo?"

Miguu haikutulia. Basi mama akafanya alichojua kufanya: akashona. Alikata ukanda wa kitambaa, akatia sponji ndani usimwumize mtoto, akaweka na kifungo. Kila jioni aliifunga miguu ya mwanawe kwenye mguu wa stuli. Akajiona mama mwenye huruma.

Miguu ikatulia. Baada ya muda, mdomo nao ukatulia. Chiriku alimenya viazi kimya. Majina ya noti aliyajua yote, lakini vidole vyake viligonga kinanda kama mgeni anayebisha hodi kwa woga.

Siku moja akasema, bila hata kununa, "Mama, kinanda tumpe mtu mwingine."

Maneno hayo yalimchoma mama kuliko sindano. Jirani yao, mwalimu wa muziki, alipokuja kuchukua sketi yake, mama akamweleza.

"Hebu apige, dada, nimsikie," mwalimu alisema.

Chiriku akakaa kwenye stuli. Kisha, bila kuambiwa, akauokota ukanda na kumnyooshea mama yake amfunge.

Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu aliupokea ukanda, akaupapasa.

"Umeshonwa vizuri," alisema polepole.

Alimshusha mtoto kwenye stuli. Akapiga makofi, na Chiriku akayafuata. Wakatembea sebuleni kwa mapigo hayo, wakikwepa vitambaa. Mwalimu akaimba kipande kifupi, Chiriku akakirudia kwa sauti ya chini. Wakakitafuta kwenye kinanda mpaka wakakipata. Mwisho kabisa mwalimu akachukua karatasi.

"Hiki hapa ndicho ulichoimba. Kimeandikwa tu."

Chiriku akaisogeza karatasi karibu na macho. "Kumbe," alisema.

"Basi wangu ni mtoto wa masikio," mama alisema. "Karatasi nizitupe."

"Usizitupe, dada. Watu hupenda kusema huyu ni wa masikio, yule ni wa macho. Kila mtoto anahitaji vyote. Tatizo ni pa kuanzia. Ulimfundisha herufi kabla hajasema 'mama'?"

"Ningewezaje?"

"Na muziki ni hivyo hivyo. Kwanza asikie, aimbe, aucheze kwa mwili. Noti zije baadaye, zimwandikie anachokijua tayari."

"Lakini mimi nilifundishwa kwa noti."

"Hata mimi. Wewe bado unaimba?"

Mama aliinamisha kichwa. Hakukumbuka mara ya mwisho aliyoimba.

Jioni hiyo aliufumua ukanda, mshono mmoja mmoja. Uzi ulikatika upesi. Alikuwa ameushona kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku hizi Chiriku anapiga kinanda na kusoma noti bila shida. Kwa mwalimu, anakofundishwa sasa, anaimba mpaka jirani wa pili anamsikia. Lakini nyumbani, mama akimkazia macho, miguu yake husimama yenyewe. Kwa hiyo mama amejifunza kushona akiwa amempa mgongo.

Juzi Chiriku alisema, "Mama, shona."

"Nishone nini? Kazi imekwisha."

"Chochote. Nataka mapigo."

Mama akaweka kipande cha kitambaa chini ya sindano, akaanza kukanyaga. Nyuma yake kinanda kikaitika. Miguu midogo ikaanza kudunda, kisha ikanyamaza.

"Mama, nikichezesha miguu si neno?"

"Si neno, mwanangu. Ichezeshe."

Hakugeuka, mtoto asije akayaona machozi yake. Akautazama mguu wake mwenyewe juu ya pedali, ukipanda na kushuka. Miaka yote hiyo ulikuwa ukidunda hivyo, na hakuna mtu aliyewahi kuufunga.

Akaendelea kushona kitambaa kisicho na mwenyewe, mpaka wimbo ulipokwisha.