Kibali cha Morogoro

Kikohozi ndicho kilichotangulia. Magige alikuwa ameinama ndani ya belo jipya la mitumba, kichwa na mabega vimezama katikati ya makoti, aliposikia mtu akikohoa nyuma yake. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kikavu, kirefu, na kilipokatika kilifuatwa na mluzi mwembamba, kama upepo unaopenya chini ya mlango.

"Pole, mama!" alipaza sauti bila kuinuka. "Kikohozi hicho hakitaki dawa, kinataka koti!"

"Mimi si mama yako," ilijibu sauti ya kike. "Na mambo ya dawa niachie mimi."

Magige akajichomoa kwenye belo, nywele zimejaa nyuzi. Soko la Tarime lilikuwa limefurika: muuza sumu ya panya akipiga kelele kwenye spika, bodaboda zikipenya kati ya watu, wanawake wa ndizi wakigombania kivuli ambacho hakikuwa na kazi, maana jua lenyewe halikuonekana tangu alfajiri. Katikati ya vurugu hiyo alisimama nesi. Gauni jeupe, mshipi wa buluu, nywele zimesukwa twende kilioni, raba zimeloa tope. Juu ya gauni alivaa kikoti chepesi ambacho Magige asingemuuzia hata mbwa wake.

"Hicho ulichovaa ni nini?" akauliza.

"Koti."

"Hilo ni shati lenye kiburi." Akapanda juu ya meza yake, akapiga kofi, akaghani kama alivyozoea:

*"Baridi ya hapa haijui cheo,*
*imemlaza hakimu toka jana hadi leo!*
*Nesi naye analia, nani atamtibu?*
*Njoo kwa Magige, kotini kuna jibu!"*

Watu wakaangua kicheko. Nesi naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa meza na kutoa mfukoni kichupa chake cha kuvuta cha pumu. Magige akashuka mezani kimyakimya. Aliona aibu, na aibu haikuwa kitu alichokizoea.

"Nisamehe, dada. Nilidhani ni mzaha."

"Ni mzaha," alisema akivuta pumzi. "Ila kifua changu hakijui utani."

"Unatoka wapi?"

"Morogoro. Ila jina langu ni Bupe Ambokile, ujue kabisa mimi ni Mnyakyusa."

"Mnyakyusa anaogopa baridi! Kwenu si ndiko mvua inakonyesha hadi vyura wanavaa sweta?"

"Baba yangu alihamia Morogoro kabla sijazaliwa. Mimi baridi nimeirithi kwa jina tu."

Alimchagulia koti zito la rangi ya damu ya mzee, lenye manyoya shingoni. Alikataa pesa. Bupe akaziacha juu ya meza, akaondoka. Siku ya pili Magige akazipeleka hospitali alikofanya kazi Bupe, na hivyo ndivyo alivyopata namba yake ya simu.

Mapenzi yao yakakua.

"Nesi wangu, umekula?"

"Nimekula ukungu."

"Ukungu haushibishi. Nakuletea ugali wa mtama."

"Na mtindi, Mkurya wangu. Ukisahau mtindi, rudi hukohuko."

"Unaniamuru mimi? Mimi nina upanga nyumbani."

"Na mimi nina sindano. Tuone nani atakimbia."

Alimpeleka kwa mama yake, mtaa wa Nyamisangura. Mama Waisiko alikuwa mzee wa maneno machache na magoti mabovu. Bupe alimwamkia shikamoo, akakaa chini, akampima presha bila kuombwa, kisha akaosha vyombo vyote vilivyokuwa nje. Alipoondoka mzee alisema neno moja tu: "Huyu." Magige hakulala usiku ule kwa furaha.

Alikuwa kitinda mimba. Kwao nyumba ya mama huachiwa mtoto wa mwisho, na pamoja na nyumba anaachiwa mama mwenyewe. Kaka zake walijenga walikopenda, mmoja Mwanza, mwingine Kahama, hakuna aliyewauliza. Yeye alipaswa kukaa pale, amtunze, amzike kando ya baba yao, ndipo miguu yake iwe yake. Hakuwahi kulalamika. Aliona ni heshima, na mtu aliyemwita mtumwa wa mama alirudi kwao na jino pungufu.

Masika ilipokaribia, alisafiri hadi Nyambureti, wilayani Serengeti, ambako mjomba wake Benedicto alimchungia ng'ombe. Ulikuwa wakati wa kuchagua wa mahari.

"Si huyo, mura, kijana wangu," mjomba alisema, akimzuia kwa fimbo. "Wanyakyusa ni watu wa ng'ombe. Ukipeleka mwenye pembe moja watakuuliza kama na bwana harusi ana mguu mmoja."

"Huyu mweusi?"

"Huyo ana hasira."

"Basi ni ndugu yangu. Atamwakilisha vizuri bwana harusi."

Walikuwa bado wanacheka simu ilipoita. Alikuwa Happy, nesi mwenzake Bupe.

"Shemeji, hongera na pole. Utakuja kwenye kumuaga Bupe, au utalia nyumbani?"

"Kumuaga aende wapi?"

Sauti ya Happy ikashuka. "Ina maana hakukwambia? Kibali chake kimetoka. Anarudi Morogoro. Aliomba kubadilishana na nesi wa kule anayetaka kuja Tarime. Shemeji, mimi sikujua kwamba hujui..."

Magige akakata simu. Mjomba alikuwa bado amemshika yule ng'ombe mweusi shingoni, anasubiri jibu.

"Mwachie," Magige akasema.

"Huyu ndiye mzuri."

"Nimesema mwachie, mjomba. Bibi harusi amepata uhamisho."

Alirudi Tarime na moto kifuani. Kwa hiyo siku zote hizo, mtindi, vicheko, presha ya mama, yeye alikuwa kituo cha kusubiria gari! Bupe alipiga simu, Magige hakupokea. Alituma ujumbe, aliufuta kabla ya kuusoma. Alikuja sokoni, Magige akapanda mezani na kughani kwa sauti kubwa kuhusu viatu, macho yake yakiangalia juu ya kichwa cha Bupe, mpaka mwenyewe akaondoka na lile koti jekundu likamezwa na umati.

Mvua zikaanza. Mvua za Tarime hazibishi hodi. Zinaingia na radi, na zikiondoka zinaacha ukungu ukutani, kwenye shuka, kwenye mapafu ya watu. Ndipo Happy alipomfuata sokoni akiwa hata hajavua sare.

"Bupe amelazwa wodini kwake mwenyewe. Jana tulidhani anakata roho. Wewe endelea kuuza viatu."

Magige hakufunga meza. Alikimbia. Alimkuta ameketishwa kitandani, mito mgongoni, midomo imepauka, kila pumzi akiivuta kama mtu anayevuta maji kisimani.

"Umekuja kuniuzia koti?" Bupe akanong'ona.

"Nimekuja kukuuliza kwa nini ulinificha."

"Niliomba kabla sijakujua. Unajua wangapi wanaomba? Wengine wanastaafu bila jibu. Nikaona nitakwambia ya nini, kitu ambacho hakitatokea. Kikatoka ukiwa Nyambureti. Nilitaka ukirudi nikwambie uso kwa uso. Ukarudi huna uso."

"Bupe..."

"Ngoja, pumzi zangu chache, usizikate. Nimeshampigia yule wa Morogoro. Nimemwambia najitoa. Mmoja akijitoa wote tunabaki, ndiyo kanuni ya kubadilishana. Kwa hiyo nabaki, Mkurya wangu. Nabaki na wewe."

Magige akaweka kichwa chake juu ya mkono wa Bupe, akalia, yeye ambaye tohara aliikabili bila kupepesa jicho. Hakuuliza yule wa Morogoro ni nani. Furaha haiulizi maswali.

Wiki ileile, mwanamke mmoja alifika mezani kwake. Alikuwa na kitenge kilichojikunja kwa safari ndefu, macho mekundu, mkoba mkubwa begani. Aliyemfuata nyuma ni mtoto wa kike wa darasa la kwanza, amesimama mbali kidogo, kama watoto wanavyosimama na wageni.

"Nipe sweta la huyu," mwanamke alisema. Akachambua mwenyewe, akatoa la njano lenye ua. "Hili. Brenda, njoo ujaribu."

Mtoto akavaa. Mikono ikaishia chini kidogo ya viwiko. Mwanamke akalitazama lile sweta, akamtazama mtoto, akalivuta chini kama linaweza kurefuka. Halikurefuka.

"Limenibana, shangazi," mtoto akasema.

"Mimi ni mama, Brenda. Si shangazi."

"Ndiyo, shangazi."

Magige akatafuta jingine haraka ili mikono yake iwe na kazi. Mwanamke aliketi juu ya belo, akafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Usinishangae, kaka. Mimi ni nesi Morogoro. Nilipopangiwa kule huyu alikuwa hajaanza kutembea, mume wangu akafariki, mtoto akabaki hapa na bibi yake. Bibi naye sasa haoni vizuri. Nilipata mwenzangu wa kubadilishana naye. Kibali kikatoka! Nikashangilia hadi wagonjwa wakauliza kuna nini. Kisha akanipigia, ati anajitoa."

"Kwa nini?" Magige aliuliza, ingawa jibu alilijua tayari.

"Amepata mwanaume. Nimekuja kumwomba, nimemkuta kitandani anapumua kwa mashine. Ningemwomba vipi mtu yule? Nimempa pole, nikaondoka." Akacheka kicheko kibaya. "Ila huyo mwanaume natamani nimjue. Mwanaume gani anamwacha mtu afe kwa baridi ili mradi awe karibu naye? Ningemjua ningemtemea mate."

Mtoto alikuwa ameshavaa sweta jingine, limemtosha. Magige alifungua kinywa. Alikuwa na mashairi ya kila jambo, ya mvua, ya hakimu, ya wachawi. Akakunja lile sweta la njano, akaliweka kando.

"Unaitwa nani, dada?"

"Agustina."

"Chukua sweta, dada Agustina. Na usirudi Morogoro kesho. Subiri kidogo."

Bupe alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, amekaa mlangoni akiota kajua kembamba. Magige alichuchumaa mbele yake.

"Nimemwona Agustina. Na mwanawe."

Bupe akageuza uso. "Sikutaka umjue. Ukimjua hutanibakisha."

"Daktari alikwambia nini?"

"Aliniambia nipumzike."

"Bupe."

Akavuta koti lake hadi shingoni. "Aliniambia masika nyingine kama hii kifua hakitaivuka. Alisema nikipata nafasi ya kuhama nisiicheleweshe."

"Basi nenda."

"Unanifukuza tena?"

"Ndiyo, nakufukuza! Unataka nikuzike? Unataka yule mtoto amwite mama yake shangazi hadi aolewe? Nenda kwenu, kwenye mlima wenye jua."

"Twende wote, Magige. Morogoro watu wanavaa nguo pia."

"Na mama?"

"Tumchukue."

"Mama alishasema atakayemtoa pale kwenye kaburi la baba amtoe kwa jeneza. Unamjua. Hasemi mara mbili."

"Kaka zako..."

"Kaka zangu si kitinda mimba."

"Basi niahidi utanifuata baadaye."

Akasimama, akatembea hadi kwenye uzio, akarudi. "Baadaye ni lini? Niangalie usoni. Kati ya hapa na Morogoro kuna kaburi la mama. Nikikuahidi kuja, kila asubuhi nikimpelekea uji nitakuwa namtazama kama anachelewesha safari yangu. Siwezi, Bupe. Nitakuwa mchawi ndani ya nyumba yangu."

Bupe alimvuta mkono, akauweka kifuani pake, juu ya ule mluzi. Jioni alimpigia Agustina, akamwambia hajitoi tena.

Mama Waisiko alimpa Bupe kibuyu cha maziwa ya mgando cha njiani, akamwekea mkono kichwani. "Ndaga fijo, mama," Bupe alimshukuru kwa lugha ya baba yake. Mzee hakuijua lugha ile, lakini alishusha macho, na Magige akaona kwamba alikuwa ameelewa kila kitu tangu mwanzo, na kwamba jambo hilo lilikuwa linamuuma.

Stendi ilikuwa na ukungu kulipokucha. Wapiga debe walikuwa wanaita Musoma, Mwanza, Dodoma, Morogoro, Dar, kama vile majina hayo hayana uzito. Bupe alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, kitambaa cheupe kichwani, wanja machoni. Alisema hataki kukumbukwa akiwa mgonjwa. Happy alikuja. Agustina naye alikuja akiwa amemshika mwanawe mkono. Alipomwona Magige amebeba mabegi ya Bupe alisimama ghafla, akaelewa. Akaja, akapokea begi moja mkononi mwake, akalipakia kwenye gari.

Dereva akapiga honi. Bupe alipanda ngazi moja, akageuka.

"Ningoje au nisingoje?"

"Usingoje."

"Una roho ngumu."

"Ningekuwa nayo nisingekuwa naloa hivi, na mvua haijanyesha."

Akacheka, machozi yakachora wanja shavuni. "Nisikilize basi. Ukiniita, nitarudi. Saa yoyote, mwezi wowote, hata masika. Sitauliza. Unajua nitarudi?"

"Najua."

"Utaniita?"

Utingo alikuwa ameshika mlango. Wapiga debe walikuwa wamenyamaza, na abiria waliokuwa dirishani walikuwa wanasikiliza waziwazi, bila haya. Magige akavua kofia yake. Sauti yake ilikuwa ile ya mezani, ile ya soko zima, kila mtu stendi akaisikia.

"Bupe binti Ambokile, nakuahidi mbele ya watu hawa wote. Nikiugua, nikilewa, nikibaki peke yangu kwenye nyumba ile, sitakuita."