Wifi Alimtoa Samaki Wangu Tangini, Mimi Nikatoa Watu Wawili Nyumbani

"Wifi, huyu nimemtoa. Kanichosha!"

Hayo ndiyo maneno niliyopokelewa nayo kwangu, jamani. Mkoba bado uko begani!

Wifi yangu kasimama katikati ya sebule. Mkono mmoja kashika wavu wangu wa samaki, mkono mwingine jagi la juisi.

Ndani ya jagi... Mkorofi!

Samaki wangu! Anahema juu juu kwenye maji ya bomba, rangi yote imemtoka.

Na mume wangu? Kajinyoosha kwenye kochi, anacheka!

Ngoja niwaweke sawa, msije mkaniona kichaa kulilia samaki.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kutwa nakaa kiti cha pembeni nakanyaga breki ya akiba, wanafunzi wananitafutia kifo. Nikirudi nyumbani starehe yangu ni moja tu, tangi langu la samaki. Limechukua ukuta mzima wa sebule, kwenye nyumba niliyoachiwa na marehemu mama.

Humo ndani wanaishi wa kila aina. Kuna neoni wanaong'aa, kuna kambare wadogo wa kufagia chini. Na kuna roho yangu sasa, samaki watatu wa jamii ya sikilidi vibete. Hawazidi kidole, lakini vituko vyao, we acha tu!

Dume nilimwita Bosi. Ana mapezi marefu, anajiona huyo! Jike ndiye Mkorofi. Wa tatu niliuziwa kama jike mwingine, mnyonge, rangi ya vumbi. Nikamwita Mpole.

Juzi hapo Mkorofi akataga. Mayai kayabandika juu, kwenye dari ya kifuu cha nazi nilichowawekea. Jike wa hawa samaki akiwa na mayai anageuka njano ya kuumiza macho, na hapo hamjui mtu! Neoni akisogea, anapigwa kichwa. Bosi mwenyewe akisogea, anatimuliwa.

Lakini aliyekiona cha moto ni Mpole. Kila akijipitisha karibu na kifuu, Mkorofi yuko naye! Na mimi mjinga nikawa namwonea Mpole huruma. Nikajisemea, masikini ya Mungu, mke mwenzio anakutesa bure.

Sasa wifi.

Mume wangu alimleta mwenyewe. "Huyu binti wa shangazi yangu, anatafuta kazi. Atakaa kidogo tu."

Hicho kidogo kikaota mizizi. Nikampa chumba. Nikampa ufunguo. Kazi haonekani kuitafuta, ila rimoti ya runinga anajua ilipo hata gizani. Nikiuliza mbona sahani zinalala kwenye sinki, mume wangu ananijia juu:

"Umekuwa mkorofi kama huyo samaki wako! Mtu apumue basi!"

Na mimi nanyamaza. Nanyamaza ndani ya nyumba ya mama yangu!

Haya, turudi kwenye jagi.

Nilimpokonya. Sikuuliza. Nikamrudisha Mkorofi tangini.

Kwenye kifuu, neoni walishafanya sherehe. Nusu ya mayai hayapo!

"Nani kakutuma uguse tangi langu?"

"Si anawapiga wenzake? Nimemwonea huruma yule mpole."

"Nimekuuliza, nani kakutuma?"

Akatazama kochi.

Mume wangu akakohoa. "Nimemwambia mimi. Hilo lisamaki linamfukuza hadi mumewe! Picha gani hiyo ndani ya nyumba ya watu?"

"Nyumba ya nani?"

Akageukia runinga.

Wifi akaanza kulia. Kilio cha kujibana pua, machozi yenyewe ya kutafuta kwa tochi. Akaenda kukaa kwenye kochi, kando ya kaka yake.

Sikuwa na muda nao. Nikachukua simu.

Nipo kwenye kundi la wafuga samaki wa mapambo. Kiongozi wetu tunamwita Mzee Pezi, mtu mzima, mkali wa sheria. Sheria yake kuu: ukirekodi tangi, zima taa ya chumba! La sivyo kioo kinarudisha chumba chote, samaki hawaonekani.

Siku hiyo sikuzima. Nilikuwa nawaza mayai tu. Nikarekodi, nikatuma kundini, nikaandika: "Jike wangu alitolewa, nimemrudisha. Atakubali mayai yaliyobaki? Na huyu wa rangi ya vumbi mbona haishi kunyemelea kifuu?"

Majibu yakaanza kumiminika.

"Pole Mwalimu, atayakubali, msimguse."

"Funika kioo kwa kitambaa atulie."

Halafu ghafla... kundi zima likanyamaza.

Simu ikaita. Mzee Pezi!

Nikaingia jikoni, nikafunga mlango.

"Mwalimu, ile video nimeifuta kundini."

"Kisa sijazima taa? Mzee wangu, leo nisamehe tu."

"Sikiliza, mwanangu. Kwanza yule wa rangi ya vumbi siyo jike."

"Eti?"

"Ni dume! Hao wapo. Dume mdogo anajivika sura ya jike, yule mkubwa anamwacha akae ndani, hana habari. Kazi yake kuvizia kwenye kifuu, ayarutubishe mayai kwa siri. Mwenye mayai ndiye aliyemjua."

Kumbe Mkorofi hakuwa mkorofi!

"Na la pili, mzee?"

Akashusha pumzi. "La pili, irudie video. Usitazame samaki. Tazama kioo."

Nikairudia pale pale jikoni.

Nikawaona neoni. Nikamwona Mkorofi anaingia kifuuni kwake. Na nyuma yao, kwenye kioo, kochi langu.

Mume wangu anamfuta machozi binti wa shangazi yake. Anambusu kiganja. Halafu... mdomoni!

Mgongo wangu upo pale pale mbele yao, jamani! Mimi ninayewapigia watu kelele kutwa, angalia kioo, angalia kioo!

Nililia? Nililia, sitawadanganya. Nililia nimeegemea friji. Kisha nikanawa uso, nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Mama, shangazi yake mwanao, huyu mwenye binti anayekaa kwangu, anaishi wapi?"

"Shangazi gani? Kwao baba yake walizaliwa wavulana watupu!"

"Mama, usikate simu."

Nikaweka sauti ya juu, nikatoka sebuleni.

"Njooni muwaone samaki," nikasema, nikaunganisha video kwenye runinga.

Mume wangu akatabasamu. "Afadhali umetulia. Si nilikwambia hasira hazijengi?"

Ikacheza. Wakatazama samaki kama watoto wazuri.

"Sasa tazameni kioo."

Eeeh! Mtu alivyoruka! Rimoti kule, kikombe kule!

"Mke wangu, hiyo... hiyo ni taa tu inachanganya!"

"Taa imekubusu mdomoni?"

Wifi akapiga yowe. "Nilikuambia mtoe huyu mwanamke mapema! Nilikuambia!"

Hapo simu ikapaza sauti kutoka mkononi mwangu.

"Hebu subiri! Hiyo sauti naijua!"

Mume wangu akawa kama kamwagiwa maji ya barafu. "Ma... mama?"

"Huyo si mkeo? Si yule uliyeniapia mmeachana kabla hujamwoa huyu? Na ukaniapia kwamba huyu anajua kila kitu?"

Jamani!!! Mke! Siyo binamu, siyo mchepuko. Mke wake wa kwanza! Mimi nampikia, mimi nampa shuka safi, mimi namwita wifi, nao wanangoja nichoke niiache nyumba yangu mwenyewe!

"Nisikilize mke wangu..."

"Unamwambia yupi?"

"Tuzungumze kama watu wazima. Usiwe mkorofi!"

Lile neno. Zamani lingenikalisha chini. Siku hiyo lilinisimamisha!

"Mkorofi ndiyo jina langu. Ufunguo mezani. Wote wawili!"

"Utatutoa kwa sababu ya samaki?"

"Samaki mlimtia kwenye jagi. Nyie nawapa barabara nzima."

Mama mkwe akamalizia kwenye simu: "Na kwangu usije! Mlango nimefunga!"

Wakatoka jua halijazama, majirani wakiwa barazani. Yule mwanamke akanigeukia getini.

"Utabaki na samaki zako!"

"Ndiyo! Na mwanaume wa kujificha simfugi hata mmoja!"

Mpole nilimpelekea Mzee Pezi. Ana tangi kubwa, huko ajivike sura anayotaka.

Mkorofi aliyakubali mayai yaliyobaki. Leo ninavyoandika anatembeza watoto, wingu la vidoti tu nyuma ya mkia wake. Bosi yuko kona yake, ana adabu zake. Neoni wanapita mbali!

Dada zangu, na kaka pia, akikuita mtu mkorofi ndani ya kwako, usikimbilie kuomba radhi. Tazama kwanza ni kitu gani unakilinda, na ni nani anayekereka ukikilinda.

Asubuhi yule bwana kanitumia ujumbe: "Nakuomba, usiiandike mitandaoni. Nihurumie."

Nimeiandika.

Na Mzee Pezi, najua unasoma hapa. Nakuheshimu sana, mzee wangu, lakini taa ya sebuleni sizimi tena!