Nani Kasema Tumetimia

Kila Alhamisi asubuhi, mvua isiponyesha na hata ikinyesha, wazee wa kijiji cha Bryn Glas hukusanyika mbele ya zahanati kwenda kutembea. Daktari ndiye aliyeanzisha. Alichoka kugawa vidonge vya presha, akasema basi, dawa ni miguu. Huanzia mtoni, hupanda taratibu katikati ya mashamba ya kondoo mpaka Lango la Juu, kisha huteremka upande wa pili mpaka ukumbi wa kanisa, ambako chai na mkate wa zabibu huwa vinawasubiri. Presha wanayoiteremsha mlimani huipandisha tena mezani kwa siagi, lakini hayo si yangu.

Mali Jones alikuwa hakosi. Mambo yake nayajua kwa sababu jiko langu na jiko lake yaligawana ukuta. Ukuta wenyewe mwembamba, na masikio yangu Mungu kayabariki.

Kijiji chetu kizima ni Jones, Evans au Williams. Ukiita Jones dukani, hata paka anageuka. Ndiyo maana kila mtu kabandikwa kazi yake. Kiongozi wa matembezi ni Emrys wa Maziwa, mjane mwenye mashavu mekundu, aliyepeleka maziwa kwenye kila mlango na, wasemavyo wenye midomo, akachelewa kutoka kwenye baadhi. Mwenye bucha alikuwa Mair wa Nyama. Mali yeye alikuwa Mali tu. Jina hilo halina uhusiano wowote na utajiri, maana hakuwa nao. Alipewa akiwa mchanga kwa sababu bibi yake, waliyeishi naye nyumba moja, alikuwa keshalitumia lile la ubatizo.

Siku moja, tukisubiri kwenye benchi la zahanati, nesi mgeni alitoka mlangoni akaita, "Mair Jones!"

Mair wa Nyama akasimama.

"Wewe ndiye wa goti?"

"Goti? Goti langu linacheza dansi, mwanangu. Mimi wa moyo."

"Basi yuko mwingine."

Olwen, dada yake Mali, akamfinya nduguye ubavuni. "Ndiye wewe, mjinga! Umeitwa!"

"Yesu wangu," Mali akasema, "hata nilisahau kama nina jina!"

Tulicheka mpaka nesi akanuna. Olwen alicheka zaidi ya wote, akashikwa na pumu, akavuta dawa yake, akaendelea kucheka. Ndivyo nimkumbukavyo.

Sasa sikilizeni habari ya malango, maana humo ndimo mambo yalimo. Mlimani kuna kondoo, na lango likiachwa wazi kondoo wanahama. Kwa hiyo mtembezi wa mwisho, ambaye sisi tunamwita Mkia, huvaa kizibao cha njano. Akishapita yeye, hufunga komeo na kupaza sauti: "Tumetimia!" Emrys kule mbele hanyanyui mguu mpaka alisikie neno hilo. Akilisikia, hageuki nyuma. Hana haja. Mkia kasema.

Mair wa Nyama ndiye aliyekuwa Mkia. Na Mair alimtaka Emrys, kijiji kizima kilijua, isipokuwa Emrys mwenyewe, aliyekuwa ameanza kumbebea Olwen chupa ya chai. Ukumbini akamwekea na kiti karibu yake. Kiti tu! Lakini mwanamke akishapenda, kiti ni ndoa.

Vuli ile ukungu ulitanda ghafla. Olwen alikuwa nyuma, pumzi zikimkatika. Mali alikuwa mbele, akisutana na mke wa mchungaji juu ya maua ya kanisani. Pale Lango la Juu akasikia komeo likigonga, kisha sauti ya Mair, nyororo, ya furaha:

"Tumetimia!"

Wakateremka. Ukumbini Mair akaketi kwenye kile kiti.

"Olwen yuko wapi?" Mali akauliza.

"Aa, mwenzangu, nilidhani katangulia."

Walimtafuta mpaka giza likawazuia. Mchungaji wa kondoo ndiye aliyempata kulipopambazuka. Alikuwa upande wa pili wa Lango la Juu, amepiga magoti. Komeo lile ni zito, lazima ulinyanyue huku unasukuma kwa bega, na mtu asiye na pumzi hawezi. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania chuma. Ilibidi vibanduliwe kimoja kimoja.

Wakubwa wakaandika: ukungu na pumu, hakuna wa kulaumiwa. Mazikoni Mair alilia kuliko wafiwa. Emrys akampa leso.

Labda Mali angeyapokea hayo. Lakini kabla ya Krismasi alikwenda buchani kununua maini, akakuta hakuna mtu mbele. Nyuma ya pazia, Mair alikuwa akinong'ona na binti yake.

"Nilimwona, mwanangu. Alikuwa karibu na lango. Aliniashiria kwa mkono. Nilitaka tu achelewe kidogo, apate adabu."

Mali aliondoka bila maini. Jioni ile nilimsikia kupitia ukutani. Hakulia. Alikuwa akinoa kitu.

Juu ya kijiji, penye magofu ya kanisa la zamani, kuna kisima. Jumapili hakitajwi. Zamani, mtu akidhulumiwa na sheria ikamgeuzia kisogo, alichukua kigae cha jiwe jeusi la paa, akakwaruza jina la adui yake, akakitumbukiza mle. Kisha akarudi nyumbani bila kumsemesha mtu. Maji yakafanya yaliyobaki. Na laana haikomi mpaka mkono uliotia ndio utoe.

Mali alichukua kigae kilichoanguka kutoka paa la Olwen. Alichokuwa akinoa ni sindano ya kufumia ya dada yake. Akakwaruza kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa shuleni: MAIR JONES. Hakuandika Nyama. Jambo zito kama hilo, aliona, linataka jina kamili.

Asubuhi moja ya baridi akakitumbukiza. Maji hayakuruka. Yalikipokea tu, kama mkono upokeavyo sarafu ya sadaka.

"Dada," akanong'ona, "huyo hapo. Njoo umchukue."

Alhamisi iliyofuata Mali hakutembea mbele. Alijiweka nyuma, karibu na Mkia, apate kuona.

Lango la kwanza, Mair alifunga komeo, chuma kikalia: Kaa! Akapiga hatua. Nyuma yake, tena: kaa!

Akageuka. Lango limefungwa. Hakuna mtu.

"Ulisikia?"

"Nini?" Mali akasema.

"Komeo."

"Umelifunga wewe, Mair. Masikio yako yameingia mafuta ya nguruwe."

Mair akacheka. Si kicheko kirefu.

Alhamisi nyingine, kwenye mlima mkavu na jua la uongo la majira ya baridi, Mair alianza kutembea huku shingo kaigeuza. Kuna mtu anahema nyuma yake, alisema. Anahema kwa shida, kama filimbi iliyoziba. Ukumbini alipovua kizibao, mke wa mchungaji alimwuliza nani kamshika. Mgongoni palikuwa na alama za vidole. Zilikuwa mbichi, zikichuruzika maji yenye kutu.

"Mvua," Mair akasema.

Siku hiyo mvua haikunyesha.

Mali alikula vipande viwili vya mkate na kuomba cha tatu. Nyumbani, kupitia ukutani, nilimsikia akiimba nyimbo za kanisa. Nikasema, amepona. Kumbe kisasi nacho kina hamu yake ya kula.

Mair akamwomba Emrys ampe mtu mwingine kizibao. Emrys akamwambia hakuna aijuaye kazi ile kama yeye. Basi akaenda. Ukungu ukaja.

Ulikuja ule ule wa vuli, kutoka chini, ukimeza kondoo mmoja mmoja. Walipofika Lango la Juu wa mbele walikuwa sauti tu. Wakapita. Mali akapita. Mair akapita, akalirudisha lango, akashusha komeo kwa mikono miwili.

Akafungua mdomo apige ukelele.

"Tumetimia!"

Haikutoka kwake. Ilitoka upande wa pili wa lango. Ilikuwa ya kukwaruza. Baada yake ikafuata pumzi ndefu, ya filimbi iliyoziba.

Mbele, Emrys akapiga mluzi. Miguu ikaanza kuteremka.

Mair hakusogea. Mkono wake ulikuwa bado juu ya komeo. Mali akaangalia vizuri. Vidole vilivyokuwa juu ya chuma vilikuwa vingi kuliko vya mkono mmoja.

"Mali," Mair akanong'ona. "Mali, mama yangu. Mwite Emrys."

Mali akamtazama.

"Kanishika. Mali! Nimekosa. Nilimwona, nakiri, nilimwona. Mwite tu!"

Mali akasogea mpaka mdomo ukafika kwenye sikio la Mair. Akasema polepole, kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi:

"Aa, mwenzangu. Nilidhani umetangulia."

Akageuka. Akashuka. Nyuma yake akasikia lango likifunguka, kisha likijifunga. Hakusikia ukelele. Ukungu ulikuwa mnene.

Walimpata mchana ule ule, ukungu ulipopanda. Alikuwa upande wa pili, ule ambao alikwisha kuuvuka. Amepiga magoti. Vidole ndani ya komeo.

Moyo, daktari alisema. Kweli, yeye alikuwa wa moyo.

Mazikoni Mali alivaa kofia mpya. Nilimwambia, "Shoga, umenawiri." Akanijibu, "Nalala, mwenzangu. Sasa nalala." Na kizibao, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka, alikivaa yeye.

Alhamisi yake ya kwanza kuwa Mkia ilikuwa nzuri kupita zote. Ndege walikuwa wakiimba, na wanakondoo wa kwanza walikuwa wakirukaruka. Emrys alikuwa akisimulia jinsi ng'ombe alivyomkanyaga, hadithi tunayoijua sote. Pale Lango la Juu Mali akafunga komeo. Kaa. Akapaza sauti, "Tumetimia!" Akapiga hatua.

Kaa.

Akasimama.

"Mair," sauti ikasema nyuma yake.

Mali akatabasamu. Hakuogopa. Amwogope dada yake?

"Mair hayupo tena, Dada. Umeshamchukua. Nenda kapumzike."

Pumzi ya filimbi. Karibu na shingo.

"Mair Jones."

"Nimekwambia hayu..."

Alikumbuka benchi la zahanati. Alikumbuka vidole vikimfinya ubavuni. *Ndiye wewe, mjinga. Umeitwa.*

Watu waliokuwa mbele walimwona akiwapita mbio, mwanamke wa goti bovu, kizibao kikipepea. Hakwenda ukumbini. Alikata shamba mpaka magofuni. Mke wa mchungaji alimfuata, ndiye aliyenisimulia. Anasema alimkuta amelala kifudifudi ukingoni, mkono ndani ya maji mpaka begani, akitoa vigae. Alitoa kimoja, akasoma, akatupa. Kingine, akasoma, akatupa. Vilikuwa vya kale, vina ukoga na kuvu, vya watu waliokufa zamani. Jones. Evans. Jones. Williams. Jones.

"Unatafuta nini, Mali?"

"Changu," akasema. "Mkono uliotia ndio unaotoa. Kiko wapi changu? Nilikiweka juu! Juu kabisa!"

Wakamrudisha nyumbani. Nikampelekea supu. Alikaa jikoni na kizibao chake, hakutaka kukivua, akanisimulia yote, tangu buchani. Akanishika mkono.

"Niite," akaniambia.

"Nikuite nini?"

"Jina langu. Kila saa. Kwa sauti. Asikie kwamba mimi ni Mali."

Nikamwita. Mungu shahidi, nilimwita kupitia ukutani jioni nzima, "Mali! Mali!" naye akaitikia, "Naam!" mpaka usingizi ukanichukua kwenye kiti. Asubuhi niliamka nikaita. Nikasikia komeo la mlango wa jikoni kwake.

Mlango wa jikoni kwake haukuwa na komeo. Ulikuwa na kitasa.

Emrys aliuvunja kwa bega. Ndani supu ilikuwa mezani na kijiko ndani yake. Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani, madirisha vilevile. Mali hakuwepo, na hajaonekana mpaka leo, mlimani wala mtoni. Juu ya kiti chake kulikuwa na kigae cha jiwe jeusi, kikitiririka maji. Jina lilikuwa limekwaruzwa kwa mwandiko wa shule, na juu yake mstari umepigwa, kama mwalimu anavyokata hesabu iliyokwisha. Chini ya mstari huo kulikuwa na mstari wa pili, kwa maana hesabu zilikuwa mbili.

Matembezi yanaendelea, daktari kasisitiza. Ila kizibao hakina mwenyewe sasa, hakuna anayethubutu, hata wale wasioitwa Mair. Mimi pia nimeanza kwenda, goti langu limenishinda, na huwa natembea katikati, katikati kabisa. Pale Lango la Juu wa mwisho hulirudisha lango haraka na kukimbilia wenzake. Hakuna anayesema neno.

Hata hivyo Emrys kule mbele husimama, akasikiliza, kisha hupiga mluzi na kuanza kushuka. Juzi nilimwuliza anasubiri nini, na Mkia hatuna.

Akanishangaa.

"Kwani wewe husikii? Kila Alhamisi wanasema. Zamani alikuwa mmoja. Siku hizi wanasema watatu."