Kiti Kinachosoma Moyo

Kitimwendo kilipanda ngazi za ukumbi kwa miguu yake sita, kikageuka pale juu kama bibi harusi, kikainama. Watu wa Bukoba wakapiga makofi. Hii ni Bukoba ile ya baadaye, ambako senene, wale panzi watamu wa kuliwa, hufugwa ghorofani, wala usinibishie.

"Hakina usukani," alieleza Mhandisi Kokushubira, aliyekibuni, akishuka kitini. "Nyuma ya kichwa kuna kisomamoyo. Watoto wetu hawa wasiotembea, wengine ulimi mzito, wengine mikono haitulii. Kwa hiyo kiti hakingoji amri. Kinakwenda anakotaka aliyekikalia."

Mstari wa mbele Kemilembe, miaka tisa, alikitazama akiwa mgongoni kwa mama yake. Hakuwahi kufika popote ila mgongoni humo. Viti vya watoto vilikuwa stoo, na kamati ilishasema: harambee isipotimia, vinarudi kiwandani kama mwaka jana.

Nayo harambee ilikuwa imelala. Mshereheshaji aliomba hadi sauti ikakauka.

Ndipo mgeni rasmi, Mheshimiwa Rwechungura, akataka kupigwa picha amekikalia.

"Mheshimiwa, kinasoma moyo kweli," Kokushubira alimnong'oneza.

"Mama, moyo wangu uko wazi." Akaketi, akashika kipaza sauti. "Moyo wangu, ndugu zangu, uko kwa watoto hawa!"

Kiti kikainuka. Kikawapita watoto, kikaipita meza ya michango, kikatoka mbio hadi nyuma ya turubai la jikoni na kupiga breki kwenye sufuria la senene.

"Mheshimiwa, bado hotuba," alisema Ma Asteria, mpishi, akifunika sufuria.

Ukumbi ukaangua kicheko. Sauti ikatoka nyuma: "Natoa laki tano, mwenyekiti naye akalie!"

Ta Mutayoba, mwenyekiti wa kamati, alikataa, akabebwa, akakalishwa. Kiti kilimpeleka taratibu, kwa heshima zote, hadi kwa dada anayefundisha kwaya. Mke wa mwenyekiti alisimama, akakaza kanga kiunoni.

Baada ya hapo michango ilimwagika. Mchungaji aliahidi milioni mbili asikalishwe. Mkurugenzi wa benki akaongeza tatu, jasho likimtoka. Lengo likapitwa, stoo ikafunguliwa.

Kokushubira hakucheka. Alikuwa ametengeneza miguu, na watu walikuwa wanailipa iwaache na siri zao.

"Sasa mtoto wetu akalie," alitangaza mshereheshaji, "aje mbele ya kamera atushukuru!"

"Msimlazimishe," alisema Kokushubira. "Kitaonyesha kilichomo moyoni, siyo mnachotaka nyie."

Kemilembe alishakalishwa. Kiti kikawatazama wakubwa waliopanga mstari wakitabasamu. Kisha kikawapa mgongo, kikashuka ngazi hadi uwanjani. Huko kikasimama, kikarudi, kikaigusa kanga ya mama yake, kikachomoka tena.

"Anakwenda wapi?" mama aliuliza kwa hofu.

"Haendi popote, dada," alisema Kokushubira. "Anataka umkimbize."

Mama alisimama kidogo, kama aliyesahau mchezo huo unachezwaje. Kisha akavua viatu. Alikimbia kulia, mtoto akakata kushoto. Akarusha mkono, akakamata hewa. Kemilembe alicheka hadi mate yakamtoka.

"Mama Kemi!" kipaza sauti kililalamika. "Kamera zinasubiri! Mlete ashukuru!"

"Njooni mmlete wenyewe!" alijibu mama, akitweta, kanga ikiburuzika. "Mimi simpati!"