Sauti Aliyoitaka Safwan

Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa Zakiya alipofika mtaa wa Azaiba kwa shangazi yake, Bi Mahfoudha, kuchukua mikebe ya filamu za babu iliyokuwa stoo. Vijana wa chama cha sinema walitaka kuzionesha, na baba yake ndiye aliyemtuma.

"Chukua, utoke," Bi Mahfoudha alinong'ona. Tangu ana miaka saba hakuwa na sauti. "Humo stoo usiseme neno, mwanangu. Mimi nlisema."

Huyo babu, yaani Safwan, babu yake Bi Mahfoudha, alitoka Unguja kijana akaenda Bombay kucheza filamu bubu. Alicheza mwizi, akacheza mfalme, mwisho akawa mwongozaji. Watu walimpendea macho yake. Kisha filamu zikaanza kusema. Safwan akafungua kinywa mbele ya kipaza sauti… ikatoka sauti nyembamba, ya kukwaruza. Watu wakacheka. Kazi ikaishia hapo. Ukoo mzima ulijua kuwa alikwenda kwa mganga kutafuta sauti. Alichokiahidi huko, hakuna aliyekijua.

Zakiya alikuwa wakili. Stoo haikumtisha.

Akafungua mlango. Harufu nzito ikamjia, kama nguo za jasho zilizovundikwa. Akainama kubeba mikebe.

Trrr… trrr… trrr…

Mashine ya kuonyeshea haikuwamo. Hata hivyo ukuta ukang'aa, na mwanamume mwenye poda usoni na wanja machoni akamtazama. Midomo yake ikacheza. Ikaliita jina la Zakiya, kimya kimya.

"Nani?" Zakiya akauliza.

Neno halikutoka kinywani mwake.

Lilitoka ukutani.

Yule mtu akatabasamu. Zakiya akajaribu kupiga ukelele. Ukelele ukatoka kulekule, kwa sauti yake mwenyewe. Akaikumbatia mikebe, akatoka nayo mbio hadi uani, akazimwaga filamu sakafuni. Chetezo cha udi kilikuwa kizingitini. Akakinyakua.

Bi Mahfoudha akamshika mkono. "Atakasirika!"

Zakiya akamwaga makaa. Filamu zikalipuka, moto mweupe, mrefu kuliko ukuta wa ua.

"Na akasirike!" Sauti ilirudi imekwaruzika, lakini yake. Akaukabili mlango wa stoo. "Umecheza, umeongoza, umepigiwa makofi. Sauti za wanawake wa nyumba hii si zako. Khalas, basi!"

Moto ulipopoa, Bi Mahfoudha akafungua kinywa.

"Mbona babu hasemi?"

Sauti ya mtoto. Nyororo, ya miaka saba, ikitoka kwenye uso wa mikunjo. Lilikuwa swali aliloanza kuuliza siku ile ya utoto humo stoo, likakatwa katikati. Akajiziba mdomo, machozi yakimtiririka. Halafu akanyoosha kidole.

"Zakiya… yupo mlangoni mwa stoo. Anatutazama."

Zakiya akageuka. Giza tupu. Harufu ya poda. Hakurudi nyuma.

"Na atazame," akasema, kwa nguvu hata majirani wakawasha taa. "Kutazama ruksa."