Redio na Darasa la Mikono

Kulikuwa na kinyozi mmoja ambaye mdomo wake haukujua Jumapili. Watu wa mtaani walimwita Redio, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Akikunyoa, alikupa habari za dunia nzima. Alikutania, akakufariji, akakuvunja mbavu. Kisha alichukua brashi yake laini, akakufuta vinywele kisogoni mara mbili, akasema, "Haya, mwingine!"

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Bintiye wa mwisho, waliyezoea kumwita Kitinda, alikuwa na miaka saba na alizaliwa kiziwi. Utani wote ule wa baba yake, kwa Kitinda ulikuwa mdomo unaofunguka na kufungwa tu. Redio alimpenda mtoto yule kupita kiasi, ila hakujua amwambie nini wala kwa njia gani.

Asubuhi moja Kitinda alikataa kuvaa viatu vya shule. Alivitupa. Mama yake alivirudisha, akavitupa tena.

"Huyu deko limemzidi," Redio alisema. "Tunachelewa!"

Alimkalisha, akamvisha kwa nguvu, akamburuta hadi shuleni huku mtoto analia. Getini mwalimu aliwapokea, akainama, akavua kiatu cha kulia. Msumari ulikuwa umetoboa soli na kuchungulia ndani. Soksi ilikuwa na damu.

Siku ile Redio alinyoa watu kimya. Jioni alimwambia mkewe, "Mtoto alikuwa ananiambia, mama. Alikuwa ananiambia, na mimi namgombeza."

"Hatukumwelewa, Baba Kitinda."

"Ndilo linaloniuma hilo. Miaka saba hatujamwelewa."

Mwalimu yule naye alikuwa kiziwi. Watoto aliwafundisha lugha ya alama siku za shule. Kila Jumamosi asubuhi aliwafundisha wazazi wao, bila malipo. Redio na mkewe walijiunga na kikundi hicho. Walikuta wazazi wa familia tisa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu.

Siku ya kwanza Redio aliduwaa. Mwalimu alisimama mbele akasimulia kisa cha mtu aliyefukuzwa na mbwa. Hakutoa sauti hata moja. Lakini mbwa yule Redio alimwona! Aliona meno yake, akaona ukuta aliouruka mtu yule, akaona na suruali iliyochanika. Wazazi walicheka hadi machozi.

"Jamani," Redio alimnong'oneza mkewe, "kumbe mikono inasema hivi?"

Shida ilikuwa moja. Walichojifunza Jumamosi kilikuwa kimeyeyuka ifikapo Jumatatu. Alama ya "kuumia" ikawa kama ya "kuchoka". Alama ya "kesho" ikageuka "jana". Mzazi mmoja, dereva wa lori, alihudhuria mara moja tu kwa miezi miwili, maana kazi yake ni safari.

Basi Jumamosi moja mwalimu aliandika ubaoni: "Nimehamishwa. Zimebaki Jumamosi nne. Watoto watapata mwalimu mwingine. Wazazi sijui."

Mke wa Redio alifuta macho kwa upindo wa kanga. Redio aliinuka.

"Hatuwezi kukaa tu! Simu tunazo. Tumrekodi mwalimu. Niachieni mimi kazi hiyo."

Na kweli aliifanya, siku ileile. Aliishika simu mwenyewe kwa mkono mmoja, uso wake mbele, mwalimu nyuma yake. Akaeleza, akachekesha, akasalimia ndugu na jamaa. Video ilikuwa ya dakika kumi na moja. Jioni alimwonyesha Kitinda kwa majivuno.

Kitinda alitazama kidogo. Kisha akaweka kidole juu ya kioo cha simu, juu ya kichwa cha baba yake, akawa anakisukuma kando. Alitaka kitoke. Alikuwa anaitafuta mikono ya mwalimu iliyofichwa nyuma ya kichwa kile.

Mke wa Redio alicheka, kisha akaacha kucheka. "Baba Kitinda, hata kwenye video ya viziwi umetaka usikike wewe?"

Redio aliona aibu. Kesho yake alipofungua duka alikwenda kwa jirani, dada mpiga picha, ambaye kibanda chake cha picha za vitambulisho kilipakana ukuta na duka la kinyozi. Alimwonyesha video.

Mpiga picha aliitazama yote. "Kaka, hii si video ya kujifunza alama. Hii ni taarifa ya habari."

"Nicheke tu, ukimaliza nifundishe."

"Haya, sikia. Hiyo simu yako inatosha, wala usinunue kitu. Kwanza, isimamishe. Iweke juu ya stuli, iegemeze kwenye vitabu. Mkono ukitikisika, alama haionekani. Pili, mwalimu aonekane kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, na kushoto na kulia abakiziwe nafasi. Mikono isikatwe. Tatu, dirisha liwe mbele yake, lisiwe nyuma. Mwanga ukitoka nyuma mtu anakuwa kivuli. Na nyuma yake pasiwe na vurugu. Una kitambaa chochote cheusi?"

"Ninavyo vya kuwafunga wateja shingoni."

"Chukua kisafi ukitundike ukutani. Na kila video iwe na neno moja au sentensi moja. Hatua ya mwisho, nyamaza."

"Ninyamaze! Basi nitie hata muziki nyuma?"

Mpiga picha alimtazama. "Muziki wa kumsikilizisha nani?"

Redio alijishika kichwa, wakacheka wote wawili.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya yote, walimwomba mwalimu ruhusa kwa maandishi. Mpiga picha alisisitiza hilo. "Mikono ni yake na uso ni wake. Aamue mwenyewe nani aone."

Mwalimu aliandika: "Wazi kwa watu wote. Wako wazazi wengi kama ninyi. Ila watoto wasionekane."

Wakaanza. Kitambaa cheusi ukutani, dirisha mbele, simu juu ya stuli. Mwalimu alionyesha alama mara mbili, ya kwanza polepole na ya pili kwa mwendo wa kawaida. Redio alikuwa mtu wa kubonyeza kitufe tu. Alikaa saa mbili bila kusema neno, na watu walimpa pole kama mgonjwa.

Kisha mpiga picha aliwakusanya kwenye kibanda chake awaonyeshe kuhariri. Alipakua programu ya bure kwenye simu ya mke wa Redio. "Hapa unakata mwanzo, pale mtu anapotafuta pa kusimama. Hapa unakata mwisho. Hapa unaandika maana yake chini."

"Maandishi ya nini, na watoto alama wanazijua?" aliuliza mke wa Redio.

"Ni yenu ninyi msiozijua, dada yangu."

Mke wa Redio akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: NIMEUMIA HAPA. Video ikacheza. Mikono myeupe kwa mwanga juu ya kitambaa cheusi, na chini yake maneno. Mke wa Redio aliirudia mara tano. Hakuamini kwamba kitu kizuri namna ile kimetoka kwenye simu yake yenye ufa.

"Sasa tuiweke wapi?" Redio aliuliza. "Simu ikiibwa?"

"Mtandaoni. Iko tovuti ya video inayoruhusu yeyote kufungua chaneli, bure. Bando tu ndilo lenu. Lakini msifungue kwa jina la mtu mmoja. Fungueni barua pepe ya kikundi, na neno la siri walijue watu wawili, wasiwe mume na mke. Mmoja akihama au akigombana na wenzake, chaneli inabaki. Na zipangeni kwa mafungu, za nyumbani mahali pake, za maumivu mahali pake, za furaha na hasira mahali pake. Mtoto analia, nani ana muda wa kutafuta?"

"Na asiye na bando?"

"Mmoja azipakue mara moja, awarushie wengine simu kwa simu. Hapo hakuna bando."

Kwa Jumamosi tatu walirekodi alama sitini na mbili. Ya nne hawakurekodi kitu. Walimuaga mwalimu wao kwa mikono yao wenyewe, wakikosea hapa na pale, na mwalimu alilia akicheka.

Baada ya hapo watu walianza kuona maajabu. Dereva wa lori alitazama video kila alipoegesha gari. Wiki ya tatu alirudi nyumbani, akasimama mlangoni, akamwambia mwanawe kwa mikono: "Nimerudi. Nilikukumbuka." Mtoto alimtazama mdomo wazi. Alikimbilia jikoni, akamvuta mama yake kwa nguvu aje amwone baba anayeongea. Dereva aliwasimulia wenzake kikundini, na lijitu lile lenye mabega kama mlango lilishindwa kumaliza.

Halafu bibi mmoja asiyemjua mtu yeyote kikundini aliandika chini ya video ya "nakupenda" kwamba ameifanyia mazoezi na mjukuu wake amemjibu. Redio alisoma maneno yale kwa sauti mbele ya wateja, akayarudia. Mikono iliyosimama mbele ya kitambaa chake cha kunyolea ilikuwa imefika nyumbani kwa mtu asiyemjua!

Kitinda naye alikuwa anakuja dukani kila akitoka shule. Mchana mmoja Redio alimwona anazungumza na mama yake, aliyeleta chakula. Alisema "njaa", akasema "chakula", kisha akapitisha vidole mara mbili nyuma ya shingo yake mwenyewe. Mama hakuelewa. Kitinda akarudia, safari hii akimtazama baba yake.

"Shingo inamuuma?" Redio alishtuka. Akamwuliza kwa alama: "Umeumia?"

Kitinda akatikisa kichwa, hapana, akarudia ileile.

Walitafuta kwenye fungu la maumivu, hakuna. Walipitia video zote sitini na mbili, hakuna. Redio alimwomba Kitinda arudie yote aliyosema, akamrekodi, akamtumia mwalimu peke yake, bila kuiweka kwenye chaneli. Jibu lilikuja kabla hajamaliza kichwa cha mteja. Ilikuwa video fupi. Mwalimu alikuwa anatabasamu, na chini aliandika: "Hiyo sikumfundisha mimi. Hilo ni jina. Sisi viziwi humpa mtu jina kwa kile tunachokiona kwake. Amesema, 'Baba ana njaa, apewe chakula.' Muulizeni kama anayo majina mengine."

Redio alijitazama mkononi. Alikuwa ameshika brashi ileile ya kisogoni.

Aliiweka chini. Mteja alisubiri na nusu ya kichwa, na hakulalamika, maana naye alikuwa ameinuka kutazama. Redio alimwonyesha Kitinda mama yake, akauliza, "Nani?"

Kitinda aliuma mdomo wa chini upande mmoja. Mke wa Redio alipiga ukelele. "Mimi! Ndivyo ninavyofanya nikifikiri!"

Redio akamwonyesha mpiga picha, aliyekuja mbio kusikia kuna nini. Kitinda alijiinua kidevu kwa kidole, kama mtu anayepangwa mbele ya kamera.

"Haki ya Mungu," mpiga picha alisema.

Wao walidhani wanamletea mtoto maneno. Kumbe mwenzao alikuwa nayo, na hakuna aliyemwuliza. Redio alifungua droo, akatoa picha ya marehemu baba yake, mwenye duka wa kwanza, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Wakati ule Kitinda alikuwa na miaka minne, hajui alama hata moja, na siku ya mazishi walimpeleka kwa majirani kwa sababu hawakujua wamwelezeje.

Kitinda aliishika picha kwa mikono miwili. Akaiweka juu ya kiti. Kisha akainua mkono wa kulia, na kidole kidogo kikaanza kutetemeka peke yake, vilevile kilivyokuwa kikitetemeka cha mzee yule kila aliposhika kikombe.

Mke wa Redio alikaa chini sakafuni, kwenye nywele.

Redio alipiga magoti mbele ya bintiye. Polepole, kwa mikono inayokosea, akamwuliza: "Unamkumbuka?"

"Kila siku," Kitinda akajibu. "Alikwenda wapi?"

Redio alielewa swali lote bila kufungua simu. Alivuta kiti cha wateja, akamkalisha mwanawe, akainua mikono yake aanze kumweleza.