Faili Lililokataa Kufutika

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Asifiwe alifungua chumba cha kompyuta cha shule yao, akafuta vumbi kwa kipande cha kitenge na kuziwasha kompyuta moja baada ya nyingine. Alikuwa darasa la saba, na Mwalimu Zebedayo alimkabidhi ufunguo kwa sababu ya uangalifu wake. Lakini ufunguo nao una mambo yake. Mtoto akikabidhiwa ufunguo, haipiti wiki atajiona mwenye nyumba.

Zamani alizunguka na flashi akinakili mazoezi kwenye kila kompyuta. Muhula huu mwalimu alimwondolea adha hiyo. Aliweka seva, yaani kompyuta moja pale pembeni ya kutunzia mafaili ya masomo, kisha akaziandikia nyingine maagizo: kila zinapowashwa, zipakue zenyewe yaliyomo kwenye seva na kuyaweka mahali pa yale ya zamani. Kazi ya Asifiwe ilibaki kuweka faili kwenye seva tu. Alifurahi kupunguziwa kazi, ila maelezo aliyasikia kwa sikio moja.

Jumatatu aliweka mazoezi ya Hisabati. Somo lilipoanza, Tuntufye, mvulana wa kijiji cha Busale ambaye kwao hakukuwa na kitabu hata kimoja cha Hisabati, aliinua mkono.

"Mwalimu, humu wameandika eneo la pembetatu ni kitako mara kimo. Nusu imekwenda wapi?"

Darasa likacheka. Mwalimu alitazama, akatikisa kichwa. "Hii ni rasimu yangu. Kwenye flashi kuna faili jingine nililolisahihisha. Asifiwe, rekebisha leo. Wiki ijayo tuna mtihani wa kata, msije mkaandika uongo huu."

Asifiwe aliona haya. Mchana alikwenda kwenye kila kompyuta, akafuta faili bovu na kubandika lililo sahihi. Seva hakuigusa. Kwa akili yake, seva ilikwisha kumaliza kazi yake.

Asubuhi aliziwasha. Kitako mara kimo, kompyuta zote. Akafuta tena, akabandika tena, akafungua kila faili kuhakikisha. Kesho yake, kitako mara kimo. Asifiwe akachanganyikiwa kabisa.

"Kompyuta zako zimerogwa," Jackson, mwenzake wa dawati moja, alimtania.

Asifiwe hakucheka. Aliwaza ni nani hubaki mle ndani jioni, akampata Tuntufye, ambaye zamu ya kufagia ilikuwa yake. Tena ndiye aliyemuumbua mbele ya darasa. Hapo akaona fumbo limefumbuka.

"Mwalimu, anayelirudisha ni Tuntufye," alisema mbele ya wote. "Nimemwona."

Hakumwona. Neno lilimtoka tu, na likishatoka halirudi.

"Mimi nafagia tu, Mwalimu," Tuntufye alijitetea. Nani angemsikiliza? Alikatazwa kuingia chumba cha kompyuta, mahali pekee alipoweza kujisomea kwa ajili ya mtihani. Wenzake wakaanza kumwita mharibifu, na wadogo wa darasa la tano wakalidaka jina hilo.

Asifiwe alibandika tena faili sahihi, na Alhamisi akawasha kompyuta akiwa na uhakika. Kitako mara kimo. Akaketi. Tuntufye hakuingia, mlango aliufunga Asifiwe mwenyewe, na ufunguo ulilala kwao. Sasa ni nani? Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliinuka, akaenda ofisi ya walimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mnyonge hivyo?"

"Faili limerudi, na Tuntufye hakuingia. Mwalimu, nilisema nimemwona. Sikumwona."

Mwalimu Zebedayo aliinuka. Kisha alimwongoza mpaka kwenye seva, akaifungua. Rasimu ilikuwa mle mle alikoiweka Asifiwe siku ya Jumatatu.

"Kila ukiziwasha, zinakuja hapa kuchukua hili," alisema. "Mama yako akiwa na mbegu za mpunga zilizochanganyika na za magugu, atashinda shambani aking'oa magugu, halafu mwakani apande zile zile?"

"Hapana, Mwalimu. Atachambua mbegu kwanza."

"Basi nawe chambua."

Asifiwe alifuta rasimu, akaweka faili sahihi kwenye seva, akazima kompyuta na kuziwasha upya. Nusu ilikuwepo kila mahali. Akashusha pumzi.

"Yamekwisha, Mwalimu."

"Ya kompyuta yamekwisha," mwalimu alijibu. "Faili bovu tumeliondoa mahali pamoja, likatoka kote. Lakini neno ulilosema juu ya Tuntufye nimelisikia mimi, likasikiwa na darasa zima, na sasa lipo mpaka darasa la tano. Neno halina seva, mwanangu. Utalifuata kwa mtu mmoja mmoja. Hata mimi nina fungu langu, maana nilikuamini bila kuangalia. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, tazama kwanza kazi ya mikono yako."

Tuntufye alikuwa ameegemea ukuta nje ya darasa. Asifiwe alimwambia yote, bila kuficha, na kumwomba radhi. Mvulana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila mimi nilikuwa najua kwamba sikufanya. Kawaambie wao."

Mwalimu akamfungulia Tuntufye chumba cha kompyuta. Asifiwe akaingia darasani, akasimama mbele ya dawati la kwanza, akaanza kuwaambia wenzake mmoja mmoja: "Sikumwona Tuntufye. Nilisema uongo."